Bibi Hasalimiani na Jua

Endagikot, ambako ujinga ulianzia

Nianze na ujinga wenyewe, maana nyie wenzangu wa kidato cha tatu hamkuulizia afya yangu wala safari yangu. Mmeulizia ujinga tu, na kwa nini siku hizi kuna watu wananiita Mtumishi.

Nilimtafsiria bibi yangu vibaya. Kwa makusudi.

Bibi ni mama mzazi wa marehemu baba yangu. Anaishi Nangwa, kule Hanang, na ng'ombe wake wawili na mbwa mmoja mvivu kuliko mimi. Mama yangu ni Mnyiramba. Amekaa Endagikot, huku Mbulu, miaka mingi, lakini Kiiraqw chake ni cha sokoni: anajua kusalimia, kupunguza bei na kufukuza mbuzi wa watu. Bibi naye Kiswahili chake ni cha kukwaruza. Kwa hiyo wakipigiana simu katikati nakaa mimi. Simu inawekwa sauti ya nje juu ya ndoo iliyofunikwa, huyu anasema natafsiri, yule anasema natafsiri. Mkalimani wa bure.

Jumapili ile jioni Mama aliuliza swali lake la siku zote: "Mwulize kama amelifikiria lile jambo." Lile jambo ni ubatizo. Mimi nilikuwa na njaa, ugali unapoa, na nilijua jibu la Bibi. Sikuuliza. Nikamwambia tu, habari za huko? Bibi akajibu kwamba mawingu yaliyokuwa yameukalia mlima yameondoka, Looaa amerudi, moyo wake umefurahi, ameanika maharage.

Sasa nyie msio Wairaqw sikilizeni. Looaa ni jua. Looaa pia ni Mungu. Neno ni hilo hilo moja, na kwetu ni wa kike, ni mama. Bibi alisema jua, na nilijua amesema jua, maana maharage hayaanikwi kwa Mungu. Lakini utani ulinishinda, nikatafsiri: "Anasema Mungu amemrudia. Anasema moyo wake umefurahi."

Nilitaka nimalizie na maharage ili tucheke. Sikupata nafasi. Mama aliweka mwiko chini, akajifunika uso na kanga, akalia. Sio kilio cha msiba. Alilia kama mtu aliyetuliwa mzigo wa kuni.

Ili mwelewe, inabidi niwaambie kuhusu Baba. Nilikuwa darasa la nne alipolazwa. Alikuwa halali kwa maumivu. Mama wakati huo kanisani alikuwa anaenda Krismasi tu, kula pilau. Siku ya mwisho akaomba pembeni ya kitanda. Hakuomba Baba apone, alishaona haponi. Aliomba alale. Baba akalala. Alfajiri akafa akiwa usingizini, uso umetulia. Tangu siku hiyo Mama anasema kuna anayesikia. Na tangu siku hiyo ana hofu moja, alishaniambia tukiwa tunapukuchua mahindi: "Baba yako alibatizwa. Bibi yako hajabatizwa. Baba yako akimsubiri mama yake huko asimwone, atanilaumu mimi kwamba nilimwacha."

Basi Jumatatu asubuhi kanisa zima lilishajua. Kwaya wakaanza kufanya mazoezi ya wimbo wa kupokea. Mchungaji akapanga ubatizo Jumapili inayofuata. Fundi akashona gauni jeupe, refu, la mikono mirefu, kwa vipimo ambavyo Mama alivikadiria kwa kunikumbatia mimi. Na kwa kuwa shule imefungwa, nani aende kumleta Bibi? Mkalimani.

Kila nilipofungua mdomo nimwambie ukweli nilimkuta Mama anaimba. Ungeweza wewe?

Mbulu mjini, juu ya vitunguu saumu

Alhamisi basi la kwanza liliniacha. Kosa langu, nilikuwa naomba kimoyomoyo liniache. Mama hakukata tamaa. Akanipeleka kwa Mama Zuwena, mfanyabiashara wa Katesh anayekuja Mbulu kununua saumu, akamwambia, "Dada, nisaidie huyu mpaka Nangwa. Anaenda kumchukua bibi yake abatizwe." Halafu akanikabidhi mfuko wa nailoni wenye gauni, na juu yake kitabu chake cha nyimbo, kama vile mimi ningeimba njiani.

"Shikamoo, Mama Zuwena."

"Marahaba. Unatapika kwenye gari?"

"Hapana."

"Kaa katikati basi. Wanaotapika wanakaa dirishani, na leo dirishani nakaa mimi."

Dereva aliitwa Gwandu, Mwiraqw wa Dongobesh, mtu mrefu ambaye magoti yake yalikuwa yanapigana na usukani. Nyuma kulikuwa na saumu nusu lori, nusu nyingine tulikuwa tunaifuata Bashay. Nawaambieni, mtu akikaa na saumu saa moja anaanza kujisikia mboga. Macho yanawasha, nguo zinanuka, mawazo yenyewe yananuka. Nikalibana gauni la Bibi kifuani nikijua tayari limeshaungwa.

Tulipopita Dongobesh Gwandu akauliza, "Huyo bibi anabatizwa kwa hiari yake?"

Nikasema ndiyo, nikatazama nje.

"Mimi nilikuwa mtumikiaji altareni," akasema. "Kengele nilikuwa nagonga mimi. Nikaacha."

"Kwa hasira?"

"Hasira ya nini? Niliacha kama unavyoacha sukari kwenye chai. Unasikia nikwambie. Kule mbele kuna mteremko wa kushukia Dareda, barabara imejikunja kama utumbo. Kila safari nilikuwa nasimama juu, nazima gari, naomba, ndiyo nashuka. Siku moja nimefika pale nikapigiwa simu na mke wangu, tukagombana mpaka nikajikuta niko chini. Sijaomba! Na sijafa. Safari iliyofuata nikanyamaza makusudi. Nikafika. Nikasema, kumbe miaka yote ilikuwa breki."

Mama Zuwena alikuwa kama amelala. Akasema bila kufungua macho, "Na huo mteremko huwa unashuka na nani pembeni yako?"

"Na wewe, Mama."

"Na mimi midomo yangu huwa inafanya nini?"

Gwandu akafikiri. "Nilidhani unatafuna karanga."

Nilicheka mpaka nikachomwa kiwiko. Mama Zuwena akaendelea, sasa amefungua macho: "Nakuombea wewe na breki zako zote mbili, ya mguu na ya mkono. Siku nikinyamaza ndiyo utajua." Nikamwuliza yeye mwenyewe anajuaje kama kuna anayemsikia. Nilitegemea mahubiri. Akasema, "Mwanangu, mimi nikiuza vizuri natamani kumwambia mtu. Nikimwambia jirani atanuna. Nikimwambia ndugu ataomba. Sasa furaha yangu nimpelekee nani? Kuna Mmoja tu ambaye hanionei wivu."

Nikawaza, hiyo hawajawahi kutufundisha kipindi cha dini.

Bashay, nilikopewa utumishi

Mvua ilitukuta Bashay tukiwa hatujapakia hata gunia. Ile mvua ambayo huoni nyumba ya jirani. Mwenye saumu, Mzee Bura, akasema barabara imeshakuwa uji, tulale kwake. Mke wake akatuwekea makande yenye maziwa mgando pembeni, na saumu zilizochomwa kwenye majivu zikawa laini kama siagi. Nilikula hata nikasahau dhambi zangu.

Tatizo ni kwamba jioni hiyo hiyo ng'ombe wao alikuwa anazaa, na ndama amekwama. Daktari wa mifugo alipigiwa simu, akasema hawezi kupita, mto umejaa. Mama wa nyumba alikuwa zizini, mikono mpaka kwenye kiwiko, anahangaika. Mzee Bura akaingia ndani amelowa, akaona mfuko wangu, nguo nyeupe na kitabu cha nyimbo juu. Akanitazama kwa heshima ambayo sijawahi kupewa na mtu yeyote, hata na mbwa.

"Wewe ni mwinjilisti?"

Kabla sijajibu, Gwandu, yule mshenzi, akasema na makande mdomoni, "Ndiyo, Mzee. Ni mtumishi huyu. Anaenda Nangwa kwa kazi ya ubatizo." Na hakusema uongo hata kidogo, ndiyo ubaya wake.

Nikajikuta zizini, mvua inagonga mabati, mkono wangu umewekwa juu ya mgongo wa ng'ombe. Mzee Bura amevua kofia. Wajukuu wake wamefumba macho. Kichwani mwangu hakuna sala hata moja, zote zimekimbia, hata Baba Yetu nilikwama kwenye mkate. Kitu pekee ninachokijua kwa moyo, shukrani kwa viboko vya mwalimu wetu wa kemia, mnakijua. Nikafumba macho, nikaanza:

"Haidrojeni! Heliamu! Lithiamu, beriliamu... Boroni! Kaboni, naitrojeni, oksijeni..."

"Amina!" akasema Mzee Bura. Nikamsikia ananong'ona kwa wajukuu, "Ananena kwa lugha."

Nikaendelea, nifanyeje? Nilipofika kalsiamu zikaniishia, maana mwalimu alisema ishirini za mwanzo zinatosha mtihani. Nikafumbua macho. Ng'ombe alikuwa amegeuza shingo ananitazama. Jicho lake kubwa, jekundu, limechoka kabisa. Hakuwa anajua mimi ni mjinga. Nikamwegemea, nikasema polepole, "Tafadhali." Sijui nilimwambia nani. Sio ng'ombe.

Mama wa nyumba akapiga kelele, "Miguu imegeuka! Vuteni!" Gwandu na Mzee Bura wakavuta, ndama akatoka kama samaki, akaanguka kwenye matope, akapiga chafya.

Mzee Bura alinishika mikono yangu miwili. Alikuwa analia waziwazi. Akasema, "Mtumishi, huyu ndiye ananyonyesha nyumba hii. Mwaka huu nilikuwa nimeanza kuacha kuomba. Nilikuwa nasema, naongea na ukuta." Nilitaka kumwambia, Mzee, ile ilikuwa topiki ya tatu ya kemia. Ningemwambiaje? Ningemnyang'anya nini, na ningempa nini? Nikasema, "Asante, Mzee," nikaenda kunawa.

Asubuhi akanipa kuku jike mweusi, zawadi ya mtumishi. Kukataa kungekuwa matusi.

Kushuka kwenda Dareda, na kuku

Tulipakia, tukaondoka. Kuku alikaa mapajani mwangu, gauni chini ya kuku. Nisameheni.

Gwandu alikuwa na furaha ya siku nzima. "Umeona dini zinavyoanza? Dogo anasoma kemia, ng'ombe anazaa, kesho hapo Bashay watajenga kanisa. Kanisa la Oksijeni."

Mama Zuwena akamjibu, "Na wewe umeona ng'ombe alivyozaa. Mbona hilo hulisemi?"

"Alizaa kwa sababu mama wa watu alimgeuza ndama."

"Na nguvu ya kumgeuza aliipata wapi, wakati alishachoka anakaribia kukaa chini?"

"Aliwasikia wenzake wako nyuma yake."

"Haya," akasema Mama Zuwena. "Umeanza kuelewa."

Tulipofika juu ya mteremko ule, chini bonde limefunguka lote na ukungu ukiwa umelala kwenye mashamba ya watu, Gwandu akapunguza mwendo. Hakusimama. Lakini aligeuza kichwa kidogo akatazama midomo ya Mama Zuwena. Ilikuwa inacheza. Ndipo akaanza kushuka.

Mimi niliwaambia ukweli tukiwa katikati ya kona. Sijui kwa nini pale. Labda kwa sababu tumbo lilikuwa limeshakuja juu na siri ikawa karibu na mdomo. Niliwaambia kuhusu simu, maharage, Looaa, Mama na kanga yake. Gwandu alicheka mpaka Mama Zuwena akamwamuru atazame barabara. Yeye hakucheka. Aliniuliza, "Kwa hiyo mama yako anasubiri, na bibi yako hajui kitu?"

"Hajui."

"Utaanza na yupi?"

"Nilikuwa nafikiri nipotee njiani."

"Anza na aliye karibu," akasema. "Ukifika kwa wa mbali mdomo utakuwa umezoea."

Lami ilipoanza tukaenda mbio. Walinishusha Nangwa jua likiwa limeanza kuelekea upande wa pili, mimi, kuku na mfuko. Mama Zuwena akanyoosha mkono dirishani akanigusa kichwa. Midomo yake ilikuwa inacheza.

Nangwa

Bibi alikuwa anapepeta maharage yale yale.

Nikamwamkia. Akaitikia, akanisogelea, akanusa, akarudi nyuma. "Umefanya kazi jikoni kwa nani?"

Hapa nawatafsiria kutoka Kiiraqw, na safari hii natafsiri sawasawa.

Nilimpa kuku, akamshika mbawa, akampima uzito, akamkubali. Halafu akachungulia ndani ya mfuko, akavuta kitambaa cheupe. Sura ikambadilika. Akakaa chini kwenye kigoda. Akauliza kwa sauti ndogo sana:

"Nani amekufa?"

Alidhani ni sanda. Bibi wa watu alidhani nimetumwa kumletea habari kama ile aliyoletewa kuhusu Baba. Hapo utani uliniishia wote. Nikapiga magoti, nikamwambia hapana, Bibi, hakuna aliyekufa, Mama mzima, mimi mzima, ni mimi tu ni mjinga. Nikamweleza kila kitu.

Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha mabega yakaanza kucheza. "Maharage ulimwambia?"

"Sikumfikisha kwenye maharage."

Alicheka mpaka akajifuta machozi na lile gauni, na saumu ikazidi kumtoa machozi, akawa anacheka na kulia na kunilaani kwa pamoja. Baadaye akageuka akatazama mlima ulipo.

Nikamwuliza swali ambalo sijawahi kumwuliza. "Bibi, wewe huamini kwamba yupo?"

"Yupo nani?"

"Looaa."

Akanitazama kama nimeuliza kama mlima upo. "Nitasemaje hayupo? Ananichoma shingo kila siku."

Halafu akanieleza. Tangu akiwa msichana, kila asubuhi alikuwa anatoka nje kabla ya mtu yeyote, anageukia jua linakochomoza, anatema mate kidogo ya baraka, anasalimia. Anataja watoto wake mmoja mmoja, kwa majina. Baba alipougua alikuwa anamtaja wa kwanza, anamtaja tena wa mwisho. "Nilimwambia, wewe ni mama, mimi ni mama, tunaelewana. Baba yako akafa alfajiri. Watu wakanipigia simu. Nikatoka nje. Nikasema, leo hatatoka. Leo ataona aibu, atajifunika." Akapeta maharage kidogo, bila sababu. "Akatoka. Vile vile, kwa saa yake. Amependeza, kama mtu anayekwenda harusini. Hakuna hata wingu. Tangu hapo sijamsalimia. Tunapishana tu hapa uwanjani, kila mtu na kazi zake."

Nyie mnajua kwetu salamu ilivyo. Mtoto akimpita mtu mzima bila shikamoo, kesi inafika kwa ukoo. Mtu mzima akimnyima mwenzake salamu, hapo sio mchezo tena, ni ugomvi wa kutozikana. Na bibi yangu miaka yote hii ananuniana na jua. Sisi bwenini tunabishana yupo au hayupo, mpaka taa inazimwa, tunatajana wanasayansi. Bibi hana shida hiyo. Yeye anamjua vizuri. Hawaongei tu.

"Na Mama anasema siku ile ile ndiyo alisikilizwa," nikamwambia. Nikamsimulia ombi la Mama, la Baba kulala. Hakuwahi kulisikia. Mama alikuwa amelisema kanisani mara nyingi, lakini kwa Kiswahili, na mkalimani nilikuwa sijaajiriwa.

Bibi akausimamisha ungo. "Alilala?"

"Alilala. Mama anasema alikuwa na uso wa mtoto."

"Hawakuniambia hilo. Waliniambia amekufa tu." Akauliza tena, "Hakuwa anaumia?"

"Hakuwa anaumia."

Akaendelea kupeta. Baadaye akauliza, "Na mama yako hili gauni analitakia nini? Wanahesabiana watu huko kanisani?"

Nikamwambia kuhusu hofu ya Mama. Kwamba Baba atamlaumu. Bibi akaweka ungo chini.

"Atamlaumu? Mwanangu? Yule aliyeng'atwa na mbwa akamwomba mbwa samahani?" Akasimama, akajikung'uta. "Miaka yote huyo mwanamke anabeba hilo? Na mimi nilidhani ananiona mshenzi. Kesho tunaondoka."

"Kwenda kubatizwa?"

"Sibatizwi. Nakwenda kwa mama yako. Nani mwingine atamwambia mwanangu alikuwa mtu wa namna gani?"

Asubuhi akatoka amevaa gauni. Amevaa! Na shuka lake begani juu yake. Akasema nguo mpya haikai kwenye mfuko. Jua lilikuwa ndiyo linachomoza. Mimi, kwa kuzoea utani, nikaligeukia nikasema, "Shikamoo."

Bibi akasimama. "Amekuitikia?"

"Bado."

"Na mimi hakuwahi kuniitikia hata siku moja," akasema. "Nilikuwa namsalimia hivyo hivyo." Akakaa akilitazama kidogo, macho ameyafinya. Nikasubiri. Hakutema, hakutaja jina. Akampigia jirani kelele amwangalizie ng'ombe na yule kuku, tukaenda barabarani.

Kurudi, Bibi akiwa kiti cha mbele

Tulipanda basi, na ndani ya basi kukawa na mhubiri, kijana mwenye koti kubwa kuliko yeye. Akahubiri mpaka koo likakauka. Alipofika kwetu akamwona bibi wa watu, mweupe kutoka shingoni mpaka vidoleni, akapata nguvu mpya.

"Mama! Umeokoka?"

Bibi akanigeukia na Kiswahili chake: "Kuokoka? Kwani gari imeanguka wapi?"

Basi zima likacheka. Kijana naye akacheka, akakaa miguuni petu kwenye dumu, amechoka. Bibi akampa hindi la kuchoma. Akamwuliza mama yake yuko wapi, kama anajua anatembea bila soksi. Kijana akasema mama yake alifariki, na kwamba alianza kuhubiri kwa sababu nyumbani palikuwa kimya sana. Bibi akamwongezea hindi la pili, langu.

Kadiri tulivyopanda kuelekea Mbulu, ndivyo Bibi alivyopunguza maneno. Alikuwa hajafika Endagikot tangu mazishi.

Endagikot, nyuma ya nyumba

Mama hakuwepo, alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya. Bibi hakuingia ndani. Alizunguka nyuma ya nyumba moja kwa moja, kama mtu anayejua njia, mpaka kwenye kaburi la Baba pembeni ya mahindi. Akakaa chini na gauni lake jeupe, akaanza kung'oa majani.

Mtoto wa jirani alishakimbia kanisani. Mama akaja mbio, kanga inafunguka, kitabu mkononi. Alipoona lile gauni akapiga kigelegele ambacho nadhani walikisikia mpaka Bashay. Mashavu yote yamelowa. Nikasimama mbele yake.

"Mama, ngoja."

"Nini, nipishe nimsalimie!"

"Mama, Bibi alisema jua. Sio Mungu. Alisema jua limetoka, ameanika maharage. Nilibadilisha mimi. Nilikuwa natania."

Kigelegele kilikuwa bado kwenye mdomo wake. Nilikiona kinavyokufa. Sijawahi kuona kitu kibaya kama hicho, na nilikuwa nimekifanya mimi. Hakunipiga. Ningependa anipige.

Bibi akaita kutoka chini, akapiga udongo pembeni yake kwa kiganja. Mama akaenda, akakaa. Nikasimama mbele yao, mkalimani. Bibi akaanza kusema, na mimi nikatafsiri neno moja moja, naogopa hata kumeza mate.

"Anasema hatabatizwa. Anasema usimkasirikie kwa hilo. Anasema amesikia ulimwombea Baba alale, na yeye hakujua, na anashukuru. Anasema... Mama, anasema tangu Baba afariki alikuwa anawaza kwamba aliondoka akilia. Anasema sasa moyo wake umepumzika."

Mama akashika mkono wa Bibi.

"Anasema Baba hakulaumu mtu tangu azaliwe. Anasema alimtoa mwenyewe tumboni, anamjua. Akikuona unafika huko, hataanza na maswali. Anasema hilo gauni ni zuri ila linanuka saumu."

Mama akacheka na kulia pamoja, akamwegemea Bibi begani, akakaa hivyo. Kutoka kanisani kwaya ilikuwa inasikika, wanarudia ule wimbo wa kupokea. Walipomaliza Mama akanyanyua kichwa. Akamfuta Bibi udongo kwenye mkono wa gauni, akamfunga vizuri lile shuka lake. Halafu akanitazama mimi, akasema hivi:

"Kesho kanisani utaenda peke yako. Utasimama mbele, utawaambia wote ulivyonidanganya. Na Mungu akiniulizia, mwambie nina mgeni."